Mkata Njia Hana Kibao

Leo tuwazungumzie watu wanaotoka nchi za mbali, wakalipa nauli kubwa, na wakishafika kwetu Mtwara wanataka jambo moja tu: kushinda msituni kutwa nzima wakitembea, baba, mama na watoto.

Wenzetu wengi jambo hili huwachekesha. Mtu wa Mtwara haendi msituni kutembea. Anafuata kuni, anafuata dawa, anafuata mabungo na uyoga mvua zikinyesha, au anapita tu kwa kuwa shamba lake la mikorosho liko upande wa pili. Akikutana na mgeni na wanawe, kofia kichwani, soksi hadi magotini, jasho linawatoka na hakuna aliyebeba hata ukuni mmoja, anajiuliza watu hawa wamepotelewa na nini.

Tusicheke haraka. Matembezi hayo yana fedha ndani yake, na kuna vijiji vyenye msitu ambavyo havijawahi kuionja fedha hiyo. Tena safari ya miguu iliyovuma kuliko karibu zote Afrika Mashariki ilianzia hapa hapa Mikindani. Nataka tuitazame vizuri safari hiyo, maana inavyosimuliwa ina kasoro, na kasoro hiyo tunaiendeleza mpaka leo.

Ilikuwa Machi 1866. David Livingstone aliondoka Unguja tarehe 19 kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Penguin, na wanyama wake wakapakiwa kwenye jahazi: ngamia sita, nyati wa Kihindi watatu na ndama, baghala wawili na punda wanne. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o kuliko ng'ombe na farasi. Nia yake ilikuwa kushukia kwenye mlango wa Ruvuma, mto alioupanda kwa mashua miaka michache kabla. Mto ukamkatalia. Wewe unayepajua pale unaelewa kwa nini: mikoko, matope, mkondo, na hakuna mahali pa kumshusha ngamia akasimama kwa miguu yake. Basi wakageuza kuelekea kaskazini, wakaingia ghuba ya Mikindani, na mgeni akapanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi.

Hakuwa peke yake, kama picha za vitabu vya shule zinavyotuonyesha. Alikuwa na askari 13 kutoka India, watu 10 wa Anzuwani katika visiwa vya Komoro, vijana tisa wa Kiafrika waliosomeshwa kule Nassick nchini India, wawili wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na Wayao wawili. Mmoja wa wale wa Shupanga ni Susi. Mmoja wa Wayao ni Chuma. Majina hayo mawili yashike, tutayarudia.

Sasa toka Mikindani kuelekea bara uone kilichowapata. Njia za wakati ule zilikuwa vichochoro vya mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Mpagazi mwenye mzigo kichwani anainama, anapita chini ya matawi. Ngamia aliyebebeshwa mizigo hainami. Msitu wa pwani yetu nao, hasa mvua zikiwa zimekolea mwezi wa nne, umefungwa kwa kamba za miti na mianzi na miiba kiasi kwamba hata mkono huupitishi. Msafara ulikwama. Ndipo Livingstone akaajiri vijana wa Kimakonde, kama kumi hivi, na mashoka yao na mundu zao, waliolipwa kwa kitambaa. Vijana hao kazi hiyo waliizoea, maana ndivyo walivyofyeka mashamba tangu utotoni. Waliingia kwenye kile kichaka kwa bashasha, mti ukalia, kamba ikakatika, na ngamia wakapita.

Hapo pana jambo linalosahauliwa. Wamakonde wa zama zile hawakukaa ndani ya vichaka kwa kupenda giza. Kule juu uwandani, Newala na kwingineko, maji hayakai, mvua ikinyesha inazama mchangani, na wanawake walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Mtu anakubali taabu hiyo kwa sababu nzito. Hiyo ilikuwa miaka ya misafara ya watumwa, misafara iliyoishia Kilwa, Lindi na Mikindani hii hii. Kichaka kizito ndicho kilichokuwa boma lao. Adui asiyeijua njia hafiki kijijini. Kwa hiyo wale vijana waliokata njia pana ya kupitisha ngamia walikuwa wanaukata ukuta wa nyumba yao, kwa ajili ya mgeni waliyemfahamu siku chache tu.

Tunawajua kwa majina? Hapana, msikilizaji. Majina ya vijana wale historia haikutuachia.

Wanyama waliisha njiani mmoja baada ya mwingine, mbung'o wakichangia na ukatili wa wachungaji ukichangia zaidi. Askari wa Kihindi wakarudishwa. Watu wa Anzuwani wakatoroka, wakafika Unguja na habari kwamba bwana mkubwa ameuawa, habari ya uongo. Wachache wakabaki naye mpaka alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Chuma na Susi na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, wakawasili mwanzoni mwa 1874. Kwa mzigo huo ndipo Uingereza ikayatambua majina yao, na medali zikatengenezwa. Chuma alikuwa msafiri hodari kuliko wengi wanaosifiwa vitabuni. Mwaka 1881 alikuwa hapa hapa Mikindani tena, akiongoza msafara wa mpelelezi Joseph Thomson kwenda Ruvuma kutafuta makaa ya mawe kwa amri ya Sultani Barghash wa Unguja. Mwaka uliofuata alifariki.

Ukija Mikindani sasa, pana nyumba ya zamani inayotajwa kuwa ndimo alimokaa Livingstone, na kibao kinamtaja. Kilimani kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa kwa juhudi za shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli ya kupendeza. Mimi sina ugomvi na kibao wala na hoteli. Bila ya kazi ile Boma lingekuwa popo na magofu. Nauliza tu kibao cha aliyeshika shoka kiko wapi.

Sasa tuje kwenye miaka yetu. Mwezi wa saba uliopita nilifuatana na familia moja iliyokuja kutoka Muscat. Mama ni mzaliwa wa Mikindani, kaolewa Oman, watoto wamezaliwa huko. Kiswahili wanacho, tena kitamu, lakini miti ya kuzunguka kichwa chao hawajaizoea. Kwao mlima ni jiwe tupu na kivuli ni cha gari. Tanzania ni ugenini kwao, japo bibi yao yumo ndani anakaanga vitumbua. Wakaomba siku ya msituni. Tukapata mzee wa kutuongoza, mtu wa vijiji vya juu, na tukaondoka alfajiri jua halijawa kali.

Watoto walimpokea kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Viatu mmevaa, vizuri. Mikono mtaiweka wapi?"

Wakatazamana. Mzee akaeleza: ndani ya kichaka hushiki kitu usichokijua, na kitu cha kwanza cha kukijua ni upupu. Akawaonyesha maganda yake yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyatazama. Yule kijana mkubwa, na vijana wakubwa ni walewale dunia nzima, akapitisha kiwiko palepale baada ya dakika kumi. Nakuachia mwenyewe uyafikirie makelele. Mama alitaka kumwagia maji, mzee akamzuia, "Usimmwagie, mwanangu, na asijikune." Akatafuta majivu kwenye shamba lililochomwa, akampaka, akayakung'uta. Muwasho ukapungua, na tangu hapo kila neno la mzee likawa sheria.

Kabla ya msitu unapita mikorosho. Mwezi wa saba inachanua, na wakulima wako kazini na mashine mgongoni wakipuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mgeni anayekohoa katika wingu lile la njano hakuandikiwa hilo kwenye ratiba yake, lakini mimi namwambia hiyo ni sehemu ya safari: korosho anayokula ndani ya ndege inatokea kwenye vumbi hilo. Tulisubiri upande upepo utokako, kusi lilikuwa linavuma, tukavuka.

Halafu msitu. Mtu aliyelelewa na sinema hutarajia miti mirefu mno na nyani kila tawi, akifika kwetu anaweza kununa. Misitu ya pwani ya kusini ni vipande vipande, mingine midogo ya kuvukwa kwa saa chache, na wakati wa kiangazi majani mengi hupukutika. Utajiri wake haupigi kelele. Ndani ya vipande hivyo kuna mimea na viumbe visivyopatikana pengine popote duniani. Yupo komba wa Rondo, anayeishi kwenye misitu michache ya Lindi na Mtwara na mingine ya upande wa Dar es Salaam na Pwani. Uzito wake ni kama gramu 60, anakaa kwenye kiganja cha mtoto. Ni miongoni mwa jamii ndogo kabisa za nyani na kima na komba Afrika nzima, na wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 1990 tu. Wazee wa Rondo, kule Lindi, walikuwa wakimsikia akilia usiku muda wote huo. Sisi hatukumwona, maana komba hutoka usiku na watoto wanataka kulala.

Tuliyoyaona yalitosha. Mzee alisimama kila hatua kadhaa. Huu mpingo: mwembamba, umepindapinda, wala hauonekani wa maana, lakini kata uone moyo wake mweusi, hukua polepole sana, na wachongaji wa Kimakonde wameutembeza duniani kote. Huu mkongo: akapasua ganda gumu, mkamwagika mbegu nyeusi zenye vikofia vyekundu, watoto wakagombana mpaka kila mmoja akajaza mfuko. Hii kamba ni mbungo: akaikwaruza kidogo, utomvu mweupe ukatoka, akausugua kiganjani ukawa mpira unaodunda. Pale yule baba, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya akiwaza nyoka, akachuchumaa kutazama. Mzee akamwambia kwamba zamani majahazi yalipakia mpira huu Mikindani, na sandarusi pia, utomvu mkavu uliochimbwa ardhini ukaenda kutengenezea vanishi za samani za Ulaya na Marekani. Babu zake walichimba. Huku kusini kote, kabla ya mkonge na kabla ya korosho, msitu nao uliilisha bandari.

Mtoto mdogo alimwona sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, akipita mbio kwenye majani makavu. Alimwona peke yake, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakumwona.

Maji tuliyabeba yote, maana juu huko hakuna kijito cha kuchota. Tulikula mihogo ya kuchemsha na nazi chini ya mbuyu, tukashuka alasiri.

Nalinganisha na kwingineko. Bwindi nchini Uganda, wanakokwenda watu kuona sokwe wakubwa wa milimani, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, na kibali kimoja ni mamia ya dola. Udzungwa kuna maporomoko ya Sanje, mita 170, mazuri sana, lakini kupanda kunataka magoti mazima. Msitu wa pwani ya Mtwara unampokea mtoto wa miaka sita na bibi wa sitini siku moja, na kinachohitajika ni viatu, maji na mtu anayejua. Ukitaka sura nyingine ya msitu, shuka kwenye mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huko unaingia maji yakipwa, miguu topeni, na mwenyeji anakutofautishia mkoko na mkandaa na mchu na mlilana kwa kutazama mizizi tu. Nenda bamvua, rudi kabla maji hayajajaa. Lakini kandokando ya mto wenyewe kuna mamba na viboko, na tangu mapigano ya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto upande wa Msumbiji, yaanze Oktoba 2017 mpaka ule unalindwa kwa sababu. Usiende bila kuripoti kwa serikali ya kijiji, hata kama aliyekuleta anakwambia hakuna neno.

Narudi kwa mzee wetu. Jioni nilimuuliza kwa faragha analipwaje wageni wa kawaida wanapoletwa. Akacheka kwanza. Kisha akaniambia kwamba mara nyingi mgeni humlipa aliyemleta, kwa dola, mjini, na yeye hupewa kinachobaki, ambacho mara nyingine hakifikii bei ya sahani moja ya samaki hotelini. Mara nyingine huambiwa atapata wiki ijayo. Katika picha ambazo wageni wanapeleka kwao yumo, ameshika panga. Jina lake halimo.

Nikafikiri: Livingstone, pamoja na yote tunayoweza kumlaumu, aliwalipa wale vijana kumi kitambaa chao. Miaka zaidi ya 150 imepita, na mkata njia anaambiwa wiki ijayo.

Watu wa biashara watanijibu kwamba aliyemleta mgeni ana gharama: gari, matangazo, leseni, kodi. Kweli anazo. Lakini mtu asiyelipwa vizuri hafundishi mwanawe majina ya miti. Kijana wa mzee yule anaendesha bodaboda mjini, na simlaumu. Abiria analipa akishuka. Mzee akiondoka, ataondoka na mkongo na mbungo na msandarusi wote, na atakayempeleka mgeni baada yake atamwambia huu ni mti, na ule ni mti mwingine.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga msitu wao, kuusimamia na kukusanya mapato yake. Jirani zetu wa Kilwa wameonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2009 vijiji vya huko vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa msitu, vikavuna mpingo kwa mpango na fedha ikaingia kijijini. Matembezi ya miguu hayakati hata mti mmoja. Kwa nini yasimamiwe kienyeji kuliko magogo?

Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa vijiji vyenye msitu, kuanzia nyuma ya Mikindani mpaka Rondo: mkutano mkuu wa kijiji upange ada ya mwongozaji, uiandike kwenye ubao wa ofisi, na mgeni alipe sehemu hiyo mkononi mwa mwongozaji siku hiyo hiyo, sehemu ya kijiji ikatiwe risiti. Kila kijiji kiwe na orodha ya wanaojua msitu, wanawake wakiwemo, maana dawa na uyoga wanavijua zaidi wao. Na wewe mwenye hoteli au gari la watalii unayenisikiliza, ukiandika ratiba ya siku ya msituni, andika na jina la atakayeongoza.

Kuhusu kibao, Halmashauri na watu wa mambo ya kale wakae wakiongezee mstari mmoja chini ya jina la Livingstone: njia ya kwenda bara ilikatwa na vijana wa Kimakonde, Aprili 1866. Majina hatunayo. Kazi yao tunayo.

Na wewe, msikilizaji, kama unamjua mzee anayeujua msitu wa kwenu, mpeleke mwanao kwake likizo ijayo kabla mgeni hajafika.